Herufi Nne za Ukurasa wa Pili

3 Februari

Mjomba Nukta,

Shikamoo, na nyingine mfikishie mkaza mjomba, usiisahau mfukoni kama ile ya mwaka jana. Sisi huku wazima. Mume wangu amepona mgongo, na sasa kila siku anatusimulia jinsi alivyopona, kwa hiyo wanaoumwa ni sisi wasikilizaji. Mama anakusalimu. Anasema ukisikia kwamba dada yako ana goti bovu ujue ni maneno ya majirani, ila ukikutana na dawa nzuri ya kuchua usipite tu. Nakuandikia kwa sababu simu yako na masikio yako vimenishinda. Mara ya mwisho uliniuliza "nani?" mpaka nikaanza kuwa na shaka mimi mwenyewe.

Shule inaendelea. Tangu nikabidhiwe ofisi ya mwalimu mkuu nimegundua kwamba cheo hiki hasa ni funguo. Nina funguo kumi na saba na milango tisa.

Sasa jambo lililonifanya nikae chini niandike. Muhula huu umetufikia waraka wa serikali kuhusu dini katika shule za umma. Kipindi cha dini kiwe cha hiari, mzazi aweke saini. Mkusanyiko wa asubuhi uanze kwa dakika moja ya utulivu badala ya sala. Hayo nimeyatekeleza, na la sala ya asubuhi lilinifurahisha kidogo, maana aliyekuwa akiiongoza ni makamu wangu, na akianza kuyaombea mataifa moja baada ya jingine watoto walikuwa wanaishiwa nguvu kwa jua. Lakini aya ya nne inasema mwanafunzi asisali. Katika mkusanyiko, darasani au bwaloni, asisali. Imeishia hapo. Wewe umekaa miaka arobaini katika ofisi inayohariri nyaraka hizi. Hivi serikali inaweza kweli kumkataza mtoto asisali? Walimu wananiuliza, nami nawajibu kwa kukohoa.

Kuna mtoto mmoja wa darasa la sita amepata matatizo kidogo kwa sababu ya aya hiyo, lakini hilo si la kukusumbua.

Mpwa wako,
Chiriku


19 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amepokea ya kwake ingali moto. Amepanda vitunguu mahali nilipozoea kuweka kiti changu, nami nimehamia upande wa ukuta, chini ya ile saa niliyopewa siku ya kustaafu. Unaikumbuka, yenye maandishi "Miaka arobaini, hakukosea hata nukta". Inakimbia dakika sita mbele, na hakuna fundi anayeiweza. Mwambie dada yangu dawa ya kuchua inakuja, na ampe pole mwenye goti, yeyote atakayekuwa.

Waraka huo naujua neno kwa neno. Ndio wa mwisho kupita mezani kwangu kabla sijafunga mkoba. Kwa hiyo kaa vizuri, nitakueleza, na usipige miayo, naiona hata nikiwa huku.

Serikali haina ugomvi na Mungu, na hata ingekuwa nao isingekwenda kuumalizia darasa la sita. Tatizo lilikuwa mwalimu. Mwalimu ndiye anayetoa alama, ndiye anayejua nani hakufanya zoezi, ndiye anayeamua nani akae mbele. Mtu mwenye nguvu hizo akisimama mbele ya watoto mia nne akasema "tusali", mtoto ambaye nyumbani kwao wanasali vingine, au hawasali, atafanya nini? Atafunga macho na kumuigiza. Huyo amejifunza kuigiza, na sala bado hajaifikia. Serikali ikaona ni bora chaki ibaki mkononi mwa mwalimu na sala ibaki mikononi mwa nyumba.

Wewe hukuijua meza ya babu na bibi yako walipokuwa vijana. Dini zao zilikuwa mbili, kama ujuavyo. Basi kila mlo ulibarikiwa mara mbili na kuliwa umepoa. Lakini sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake nyamaza, wala akimwambia sema kama mimi. Aya ya nne ilipofika mezani kwangu niliipenda, kwa sababu niliiona ndiyo sheria ya meza ile.

Sasa rudi ukaisome. Waraka hausemi asisali. Unasema asisalishwe. Kusali ni kazi ya mwenye mdomo wake. Kusalishwa ni kazi ya mtu mwingine juu ya mdomo wako. Herufi nne tu, s, h, w, e, na ndani yake mna haki nzima ya mtoto: hakuna wa kumsalisha, na hakuna wa kumzuia. Mwalimu mkuu mzima, mwenye funguo kumi na saba, umeshindwa kufungua neno moja.

Na huyo mtoto ni nani? Hayo matatizo kidogo ni kidogo kiasi gani?

Mjomba wako,
Nukta


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Dawa ya kuchua imefika. Mama ameipokea kwa niaba ya jirani, na tangu jana nyumba nzima inanuka jirani.

Nimesoma aya ya nne kwa miwani na bila miwani. Nimempa mume wangu naye aisome. Nimeisoma dirishani nikiigeuza kama mtu anayekagua kitambaa. Hakuna shwe. Ukurasa wa kwanza unaishia kwenye "mwanafunzi asisali", na baada ya hapo kuna kistari kidogo ambacho mwanzoni nilikiona kama uchafu wa kioo cha mashine. Ukurasa wa pili unaanza na aya ya tano, ya alama za dini kwenye kuta. Nimekuwekea fotokopi humu humu, ili usije ukasema Chiriku anapayuka.

Kuhusu mtoto. Ni msichana wa miaka kumi na miwili, na bibi yake ndiye mpishi wetu wa shule. Mwishoni mwa Januari, kabla ya jaribio la hesabu, makamu alimwona amefumba macho na midomo inacheza. Akaleta taarifa ofisini. Mtoto aliandikiwa barua ya kukaa nyumbani mpaka mlezi wake aje kusaini ahadi kwamba hatasali tena shuleni, na nakala ikapelekwa kwa ofisa elimu. Bibi akakataa kusaini. Alisema kaajiriwa kupika, hakuajiriwa kusaini. Anaendelea kuja kazini kila siku, anapika vizuri kama kawaida, ila hajanipa hata neno moja tangu siku hiyo. Nikifika na sahani ananipakulia maharage huku akiangalia mlango.

Makamu usimchukie. Waraka ulimnyang'anya kitu alichokipenda. Sasa amekuwa askari wake mkubwa kuliko wote, nadhani kwa kusema moyoni kwamba kama yeye haruhusiwi basi asiruhusiwe mtu.

Kinachonitia hofu ni tarehe. Mtihani wa kuvuka darasa ni wiki ya kwanza ya Juni. Mtoto ambaye jina lake halimo katika mahudhurio ifikapo tarehe moja, atarudia mwaka.

Chiriku


15 Machi

Chiriku,

Marahaba. Sisi wazima.

Fotokopi nimeiona. Neno lilikatwa mwishoni mwa ukurasa wa kwanza, "asisali-" ikabaki huku na "shwe na mwalimu wala mtu mwingine yeyote" ikapelekwa mwanzo wa ukurasa wa pili. Nakala za huko kwenu zilipotolewa, mstari wa juu wa ukurasa wa pili haukuchukuliwa na mashine. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwonyeshe ofisa elimu barua hii, na mtoto arudishwe.

Jambo moja la lugha. Umeandika "mtoto aliandikiwa barua". Kauli ya kutendwa ni nzuri sana, inamruhusu mtendaji kujificha nyuma ya mlango. Nani alimwandikia?

Nukta


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya nusu ukurasa imenitisha kuliko ungeniandikia kumi. Hukuuliza goti, hukumtaja mkaza mjomba, hata vitunguu hukuvitaja. Mimi nakujua. Wewe huwezi kumwambia mtu njia ya kwenda dukani bila kumweleza barabara ilichongwa lini.

Nilikwenda kwa ofisa elimu. Ni mtu mpole, alinipa kiti, akaisoma barua yako mpaka mwisho. Kisha akasema barua ya mjomba siyo waraka. Yeye anafuata kilichopigwa mhuri, na kilichopigwa mhuri kinasema asisali. Nakala yake ni ile ile ya mashine ile ile. Akaniambia nikimpata aliyeandika aseme mwenyewe, kwa maandishi, kutoka ofisi yenyewe, yeye atatii siku hiyo hiyo.

Sasa jibu la swali lako. Mimi. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye meza yangu. Makamu alileta taarifa tu. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa wiki tatu, na niliogopa kwamba nikiacha lipite wataniona ni mwanamke asiyeweza kusimamia waraka. Nilichukua dakika kumi kuiandika, na zaidi ya nusu ya dakika hizo nilikuwa natafuta neno zuri la kufungia.

Jumamosi nilikwenda kwao. Ni vyumba viwili, nyuma ya uzio wa shule. Bibi aliponiona alimgeukia paka wake, akamuuliza mwalimu mkuu amekuja kutafuta nini kwa watu aliowafukuza. Nikamjibu paka, kwa heshima zote, kwamba nimekuja kuomba radhi na nimeleta mazoezi ya hesabu. Paka akaondoka. Bibi akabaki, na hakunifukuza.

Mtoto alikuwa mezani anajalidi madaftari kwa magazeti, madaftari ya muhula ambao hayumo. Nikafanya kosa jingine hapo hapo, mjomba. Nilidhani nimeona njia ya mkato. Nikamuuliza kwa upole, siku ile ulikuwa unasema nini? Maana watoto wengi kabla ya jaribio hukariri jedwali la kuzidisha. Kama zilikuwa hesabu, nitaandika zilikuwa hesabu na kesho utarudi.

Aliniangalia kama vile mimi ndiye mtoto. Akasema, "Mwalimu, nikisema zilikuwa hesabu nitarudi shule. Nikisema ilikuwa sala nitabaki hapa. Sasa unataka nikwambie ukweli, au nikwambie ya kunirudisha shule?"

Nilimsaidia kujalidi daftari moja, vibaya, akalifungua akalijalidi upya. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nampelekea kazi za wiki na kuchukua alizomaliza. Hesabu zake hazina kosa.

Mimi nimetoka nyuma ya mlango. Sasa zamu yako. Umeandika "neno lilikatwa". Lilikatwa na nani, mjomba?

Chiriku


24 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Ni mimi, mkaza mjomba wako. Barua zako mbili zimefika, na ya tatu ya kuuliza kama mzee amekufa nayo imefika. Hajafa. Anakula, analala, anagombana na redio. Ila kalamu hajaigusa mwezi mzima, na mimi nimeishi naye miaka mingi kiasi cha kujua kwamba hiyo ni homa ya aina yake.

Ametoa mafaili yake yote kabatini. Anakaa na rula anapima karatasi, na nikimuuliza anapima nini anasema pambizo. Juzi aliiteremsha ile saa ukutani akayasoma maandishi yake kama mtu anayesoma hati ya deni. Leo asubuhi amepiga pasi suruali ya kazini. Sikumuuliza anakwenda wapi. Nimemwekea leso safi mfukoni na nimemwambia njiani anunue mbegu za vitunguu, ili akirudi awe na jambo la kusema.

Usiwe na wasiwasi. Mvumilie kidogo.

Mkaza mjomba wako


4 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba, kwa zote ulizonisalimu nisijibu. Goti la jirani linaendeleaje? Mumeo bado anasimulia mgongo? Vitunguu vyetu vimetoka, vimesimama kwa mstari ulionyooka kuliko maandishi yangu.

Nilikata mimi.

Nitakueleza, na safari hii sitafuti pa kujificha. Ilikuwa Ijumaa yangu ya mwisho kazini. Saa ilikwisha kuchongwa, hotuba zilikwisha kuandikwa, keki ilikuwa chumba cha pili na harufu yake inakuja mpaka mezani. Waraka ulikuwa tayari, isipokuwa mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza. Neno "asisalishwe" halikutosha kwenye mstari. Mpiga chapa wetu, mama mmoja makini sana, akashauri neno zima lihamie ukurasa wa pili. Mimi nikakataa. Lingehama lote, mstari ungebaki na pengo upande wa kulia, na mimi katika miaka arobaini sikuruhusu pengo kwenye pambizo. Watu walitambua kazi yangu kwa pambizo zake. Nikamwambia likate kwenye silabi, asisali, kistari, shwe. Akaniuliza, "Mzee, una hakika? Kipande cha kwanza kinasimama peke yake." Nikamwambia kanuni za ukataji wa maneno zinaruhusu.

Na ni kweli zinaruhusu. Ndiyo maana nililala vizuri miezi yote hii. Kwa kanuni sikukosea. Lakini yule mama aliona kitu ambacho kanuni haikioni, kwamba nusu ya neno lile ni neno kamili, na maana yake ni kinyume. Nilimsikia vizuri kabisa. Masikio yangu yalikuwa bado mazuri.

Ulipoleta fotokopi nililijua tangu mstari wa kwanza. Nikakuandikia "lilikatwa", mimi niliyetoka kukufundisha juu ya kujificha nyuma ya mlango, na katika barua ile ile. Ulipoyarudisha maneno yangu, nilicheka mara moja, halafu sikucheka tena mpaka juzi.

Nilikwenda ofisini. Kwenye kiti changu yuko kijana msafi, mwenye adabu, ambaye ananiita mwalimu ingawa sijamfundisha. Tukatoa faili. Nakala ya asili iko sawa, shwe ipo, imesimama juu ya ukurasa wa pili peke yake kama mgeni aliyechelewa. Kijana akasema hilo ni jepesi, atatoa waraka wa masahihisho, na katika sehemu ya sababu ataandika hitilafu ya mashine. Alikuwa ananihurumia. Mwezi ujao wameniomba nizungumze na makarani wapya juu ya umakini katika uandishi, na nadhani aliiona ile saa akilini, kama mimi nilivyokuwa naiona.

Nilikaa pale na kofia magotini. Mashine haiwezi kukanusha, Chiriku, na hilo ndilo lililonivutia. Kisha nikamfikiria huyo msichana wako. Alikuwa na njia rahisi ya kurudi darasani, ulimpelekea mwenyewe mpaka mezani, akaisukuma kando pamoja na daftari ulilojalidi vibaya. Nikamwambia kijana aandike: "Neno lilikatwa na mhariri pasipostahili kukatwa." Akauliza kama nataka cheo tu au na jina. Nikamwambia weka na jina, ofisa elimu wa huko ni mtu anayependa kujua nani amesema.

Waraka umetoka jana, una mhuri. Nakala moja inakwenda kwa ofisa elimu, na nakala nyingine nimeiweka humu. Nimewaomba neno lenyewe lipigwe katikati ya mstari, mbali na kila ukingo.

Mbegu za vitunguu nilisahau. Nimesemwa.

Mjomba wako


25 Mei

Mjomba Nukta,

Shikamoo, ya leo ni ndefu, imeanza kwenye magoti. Mama analia na kucheka. Anasema tangu utotoni hujawahi kukubali kosa, hata ulipovunja chungu ulisema chungu kilikuwa na tabia ya kuvunjika. Ameikata barua ya serikali yenye jina lako, yaani nakala yake, na ameiweka kwenye albamu ya picha.

Mtoto amerudi. Jina lake limo katika mahudhurio tangu tarehe kumi na tano, na tarehe moja haijafika.

Ofisa elimu alitimiza alilosema, siku ile ile. Barua yangu ya Januari nimeifuta kwa barua nyingine, na safari hii niliandika "nilimwandikia", "nilikosea", "namrudisha". Ilichukua dakika mbili. Ile karatasi ya ahadi ambayo bibi alikataa kusaini nilimpelekea mwenyewe jikoni. Aliikunja vizuri mara nne, akawashia moto wa maharage.

Waraka mpya ulitakiwa usomwe mbele ya shule nzima. Makamu akaomba ausome yeye. Niliogopa, lakini nikampa. Alifika kwenye lile neno akakwama, a-si-sa, akarudi nyuma, a-si-sa-li-shwe, watoto wakaanza kunong'ona pamoja naye kumsaidia. Alipomaliza alikuja kusimama kando yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe aliyekuwa anasalisha ni mimi."

Nikamwambia ndiyo, makamu. Dakika ishirini kila siku.

Akasema zilikuwa kumi na tano. Tukaachia hapo. Alasiri alimfuata yule msichana akamwambia jambo ambalo sikulisikia, na msichana akamwitikia kwa kichwa, kama mtu mzima anayepokea radhi ya mtu mzima mwenzake.

Kesho yake asubuhi nilipiga kengele ya dakika ya utulivu. Watoto mia nne, mjomba. Kuna waliofumba macho, kuna waliotazama ndege, mmoja wa darasa la kwanza alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha mwenzake. Makamu alifumba macho pia, midomo yake inakwenda mbio, nadhani alikuwa anajaribu kuyamaliza mataifa yote kwa dakika moja. Yule msichana alikuwa mstari wa tatu. Nilitaka sana kumwangalia midomo. Nikaangalia viatu vyangu mpaka dakika ikaisha.

Mchana nilikwenda na sahani yangu. Bibi akanipakulia akiniangalia usoni. Akasema, "Mwalimu mkuu umekonda. Ongeza." Na akaongeza.

Mpwa wako,
Chiriku


8 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu chungu kile kilikuwa na ufa, nitalisema hilo mpaka mwisho.

Nimetoka kuzungumza na makarani wapya. Walikuwa ishirini na wawili, wana kalamu nzuri na macho ya usingizi. Sikusoma hotuba niliyoiandaa. Niliandika neno moja ubaoni, nikafuta herufi nne za mwisho, nikawauliza maana imekwenda wapi. Wakaamka. Kisha nikawaambia mkataji ni nani, na mtoto aliyekaa nyumbani muhula mzima ni nani, na kwamba palikuwa na mpiga chapa aliyeniambia nisikate. Nilikuwa nimemwomba aje. Alikuwa amekaa safu ya nyuma na mkoba wake mapajani. Nilipomtaja alisema, mbele ya wote, "Na keki ilikuwa ya ndimu, mzee, ndiyo iliyokuponza." Walicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wao.

Nilirudi nyumbani nikaiteremsha saa ukutani. Nilimwambia mkaza mjomba wako kwamba siwezi kuendelea kukaa chini ya maandishi ya uongo. Akavaa miwani, akayasoma polepole, "hakukosea hata nukta". Akasema, "Uongo uko wapi? Nukta hukukosea. Ulikosea shwe." Akairudisha ukutani mwenyewe. Inaendelea kukimbia dakika sita.

Nimefurahi kwamba uliangalia viatu. Nilipokuwa mtoto, pale mezani, niliwahi kumuuliza babu yako, bibi yako anasema nini anapofumba macho. Akaniambia hajui. Walikuwa wameoana miaka kumi na minane. Nilidhani ananificha.

Mtoto amefanyaje mtihani? Usiniambie alama, niambie tu kama alimaliza.

Tena utaona barua hii upande wa kulia imekaa ovyo, mstari mmoja mrefu, mwingine mfupi, kama meno ya mtoto wa miaka sita. Mkono wangu ni mzima na macho yangu ni mazima. Nimeacha kila neno livuke zima.

Mjomba wako